Mablanketi ya Wageni ya Mama Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda kanisani na kuimba kwa sauti nne, palikuwa na kilima cha mawe, na chini ya kilima palikuwa na mto. Kilimani alikaa Bi Pimbi. Mtoni alikaa Mama Kiboko.

Pimbi mnamjua? Ni yule mdogo wa manyoya, mnene kama andazi, hana mkia, anakaa mapangoni. Ukimwona unasema huyu hana neno. Ngoja afungue mdomo!

Mama Kiboko yeye alikuwa tajiri. Mungu alimpa shamba kando ya mto, shamba lisilojua ukame. Akalima mahindi, akalima miwa, akauza, akajenga. Sebuleni kwake mlikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, na juu ya vitambaa nailoni, ili vitambaa visichafuke. Mlikuwa na kabati la vioo lenye vikombe vya maua ambavyo havijawahi kuonja chai. Na chumbani mlikuwa na kasha kubwa la mninga, limejaa mablanketi mazito, kila moja ndani ya mfuko wake wenye zipu.

"Haya ni ya wageni," alisema Mama Kiboko.

Wageni gani? Hakuna aliyejua. Wageni walipokuja, Mama Kiboko aliwatazama miguu, akaona vumbi, akawatandikia mkeka nje na kuwaletea chai katika vikombe vya bati. Hata Baba Kiboko, mwenye nyumba, mzee wa watu, alilala na blanketi lililotoboka vibaya. Akijifunika kichwa, miguu nje. Akifunika miguu, tumbo nje. Na tumbo la kiboko si dogo.

Msicheke sana. Hata kwenu kuna kabati la namna hiyo, nalijua.

Sasa, mwaka mmoja moto wa nyika ukapita kilimani. Ukala majani, ukala vichaka, ukala nyumba za wadogo wote. Hakuna aliyekufa, Mungu ashukuriwe, lakini kila mmoja alitoka na ngozi yake tu. Wakakimbilia pango la Bi Pimbi, kwa kuwa jiwe haliungui. Akaja Kanga na vifaranga wake. Akaja Nungunungu na mkewe, na sijui kama mmewahi kulala chumba kimoja na nungunungu wawili. Akaja pia Digidigi, binti mdogo tu, aliyekuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Mtoto alibatizwa Shukuru, na mama yake kila mtu akamwita Mama Shukuru.

"Ingieni, ingieni!" alisema Bi Pimbi. "Tutabanana. Nungunungu, lala umeangalia ukutani, baba."

Halafu kipupwe kikaingia. Upepo ulishuka kilimani, fyuuu! ukaingia moja kwa moja mdomoni mwa pango. Shukuru akaanza kukohoa. Koho! Koho! Mwili wake ukawa wa moto, miguu yake ikawa ya baridi. Mama yake akamfunika kwa tumbo lake, akamfunika kwa majani makavu, lakini wapi.

"Bi Pimbi," alinong'ona Mama Shukuru, "mwanangu hataumaliza mwezi huu."

"Nyamaza! Usimtamkie mtoto maneno hayo," Bi Pimbi akamkemea. Lakini moyoni alikuwa akiona hivyo hivyo, na aliogopa sana.

Akashuka mtoni kuomba. Kwanza aliomba kwa uzuri tu, wala hakutumia hila yoyote.

"Mama Kiboko, tunakuomba utuazime blanketi moja. Kuna mtoto mgonjwa kule juu."

"Uuuh, pole yake!" alisema Mama Kiboko, na pole hiyo ilitoka moyoni kabisa. "Lakini Bi Pimbi, mpenzi, yale ni ya wageni. Nitamwombea mtoto."

Akafunga mlango taratibu, kwa adabu zote.

Jumapili ikafika. Mchungaji Korongo akapanda mimbarini, shingo ndefu, joho jeupe na jeusi. Akahubiri habari ya mali. Akasema mali ni amana ambayo Mungu ameiweka mikononi mwetu kwa ajili yetu na jirani zetu. Akasema anayejilimbikizia hazina hapa duniani anawaandalia karamu nondo, na kutu nayo inakuja kumalizia. Akawataja walioungua nyumba kule kilimani, kila mmoja kwa jina lake.

Mama Kiboko, kiti cha mbele, akatoa leso akalia. Bi Pimbi alimwona kutoka nyuma, moyo ukamruka kwa furaha. Neno limemwingia! Ibada ilipokwisha alimkimbilia uwanjani, akipita katikati ya miguu ya watu.

"Bwana Yesu asifiwe, Mama Kiboko!"

"Amen, Bi Pimbi, amen! Umeyasikia mahubiri?"

"Nimeyasikia, mama."

"Nondo!" alilia Mama Kiboko. "Nondo, Bi Pimbi! Yaani wanaingia mpaka kwenye kasha! Leo hii hii nanunua dawa, na kufuli la pili!"

Bi Pimbi akakaa chini palepale kwenye nyasi. Jamani! Kanisa zima limesikia habari za majirani, yeye kasikia habari za wadudu! Kwanza alikasirika, masikio yakamwaka. Halafu akaanza kucheka peke yake, hi-hi-hi, na watu wakamtazama. Halafu akaacha kucheka, akafikiri.

"Hm," alisema Bi Pimbi. "Hm-hmm!"

Kesho yake asubuhi akashuka tena mtoni. Njiani aliomba hivi: "Mungu wangu, nisamehe mapema, maana nikishaanza sitapata nafasi."

"Hodi! Hodi hapa!"

"Karibu, ila pangusa miguu!" ilijibu sauti kutoka ndani. Halafu, pa! Pa! Pa!

Mama Kiboko alikuwa sebuleni na ufagio mkononi, anamfukuza kipepeo mdogo wa kijivu. Pa! akapiga kochi. Pa! akapiga pazia. Nusura avunje kabati.

"Huyu hapa! Mchungaji kasema kweli! Wameshafika!"

"Maskini," alisema Bi Pimbi, akatikisa kichwa. "Umeweka dawa gani?"

"Zile za mviringo, nyeupe, za dukani. Nimemwaga kasha zima."

"Aaah, mama yangu! Nondo wa siku hizi wanazila zile kama peremende."

Ufagio ukaanguka. "Sasa nifanyeje?"

Bi Pimbi akatazama kulia, akatazama kushoto, akasogea karibu na sikio dogo la Mama Kiboko. "Hebu niambie. Umewahi kumwona nondo amekaa juu ya mtoto mchanga?"

Mama Kiboko akafikiri. Kiboko akifikiri huwa anapumua kwa nguvu, hufff, hufff. "La. Kwa kweli sijawahi."

"Umewahi kuona nguo iliyovaliwa kila siku na mtoto ikaliwa na nondo?"

"La! Inachanika, lakini hailiwi!"

"Basi. Nondo anaogopa joto la mtoto. Blanketi likimfunika mtoto, nondo hasogei. Likifungwa kashani, nondo anapiga vigelegele."

"Ooooh!" Mama Kiboko akashika shavu. Halafu uso ukamwanguka. "Lakini mimi nina mtoto gani sasa? Wangu wote wamekua, wamehamia mto wa chini, kuniletea hata salamu hawakumbuki. Nitapata wapi watoto?"

"Watoto wapo," alisema Bi Pimbi polepole, akijikuna tumbo. "Tatizo wana shughuli zao. Na wanaringa."

"Niombee, Bi Pimbi! Wewe unajuana nao! Uniazimie hata mmoja!"

"Nitajaribu. Ila siahidi." Kisha akasema, "Yupo mmoja anaitwa Shukuru. Huyo ana homa. Ana joto kuliko wote. Nondo akipita tu karibu yake, anakauka." Hapo sauti ilitaka kumkatika Bi Pimbi, akakohoa kuificha.

"Huyo huyo! Nataka huyo!" Mama Kiboko akakimbilia chumbani, akarudi na blanketi la waridi lenye maua makubwa. Akalitoa katika mfuko wa zipu, akalishika kama mtu anayeaga. Ghafla akashtuka. "Eh! Na akilikojolea?"

"Mama, hiyo sasa ndiyo dawa yenyewe!"

Basi Bi Pimbi akapanda kilima na blanketi mgongoni, haonekani ila blanketi linatembea lenyewe. Mama Shukuru alipomfunika mwanawe, mara moja, mara mbili, mtoto alitoa pumzi ndefu na kulala.

Baada ya siku chache Mama Kiboko akaja chini ya kilima kuita. "Bi Pimbi! Limetoboka?"

"Halina hata tundu la sindano!"

"Uwii! Basi njoo uchukue na mengine!"

Na hivyo ndivyo kasha lilivyoanza kupungua. Blanketi la kijani likawalinda vifaranga wa Kanga, au vifaranga wakalilinda lenyewe, nendeni mkaamue. La kahawia akapewa Nungunungu, lakini alilitandika chini, akalilalia, asije akalitia matundu kuliko nondo. Hata Baba Kiboko alimvuta Bi Pimbi pembeni siku moja, akamwuliza kwa sauti ya chini, "Bi Pimbi, mzee kama mimi hana joto?" Jioni ile ile mkewe akaambiwa kwamba wazee nao wana joto lao, si baya, na Baba Kiboko akalala amefunikwa kuanzia masikio hadi kwato kwa mara ya kwanza tangu aoe.

Halafu Bi Pimbi akakumbuka kutu.

"Mama Kiboko, ile sufuria yako kubwa ya chuma inapikiwa lini?"

"Ile ni ya wageni!"

"Imeshaanza wekundu pembeni. Kutu hiyo. Na kutu haipendi uji. Tena mtoto mwenye njaa hatoi joto, mama, hilo unalijua."

"Hufff," alisema Mama Kiboko. "Nilikuwa sijalifikiria hilo." Na kila asubuhi uji wa maziwa ukapanda kilima kichwani kwa Baba Kiboko, naye alikuwa akiupeleka huku akiimba.

Jambo la ajabu, Mama Kiboko mwenyewe alianza kuchangamka. Akimkuta Bi Pimbi njiani anauliza, "Watoto wangu hawajambo? Aah, walinzi wangu nilitaka kusema." Bi Pimbi alimpenda kwa hilo. Mara kwa mara alitamani amwambie ukweli, lakini akisikia koho! koho! kule ndani ya pango, anasema ngoja kidogo, bado kidogo.

Siku moja Bi Pimbi alikuwa nyuma ya nyumba ya Mama Kiboko anarudisha sufuria, akiivingirisha. Akasikia sauti dirishani. Mama Kifaru, shoga wa Mama Kiboko wa kwaya, alikuwa amekuja kutembea, na Mama Kiboko alikuwa amempeleka chumbani kumwonyesha kasha.

"Mbona tupu?" Mama Kifaru aliuliza.

"Yote yako kilimani!" Mama Kiboko alijibu kwa fahari. "Yanalindwa na joto la watoto. Nondo hawasogei!"

Mama Kifaru akacheka mpaka kuta zikatetemeka.

"Mwenzangu! Umepigwa changa la macho! Hicho kijitu kisicho na mkia kimekula akili yako! Umewagawia watu mali yako, na uji juu!"

"Bi Pimbi hawezi..." alianza Mama Kiboko.

"Hawezi? Twende ukayachukue, sasa hivi! Watu wakisikia kanisani utaficha wapi uso wako?"

Bi Pimbi hakungoja kusikia zaidi. Aliacha sufuria ikavingirika, tang'a-lang'a-lang'a! akakimbia kilima chote bila kuvuta pumzi. Alifikiria kuficha mablanketi katika nyufa za mawe. Lakini alipoingia pangoni akamkuta Shukuru amejikunja ndani ya maua ya waridi, homa imempungua usiku uliopita tu, kifua bado kinakwaruza. Na nje upepo ulikuwa mkali kuliko siku zote. Ukimfunua sasa, alfajiri humpati.

Akakaa mbele ya mtoto, mdogo kama andazi, akangoja.

Ndi! Ndi! Ndi! Kilima kikatikisika. Wote pangoni wakabanana nyuma.

"BI PIMBI!"

Mama Kiboko akajaribu kuingia. Kichwa kikapita. Mabega yakapita kwa shida, mawe yakilalamika. Hapo akafika mwisho: mbele yuko ndani, nyuma yuko nje.

"Ni kweli?" aliuliza. Hakuwa na hasira tena kama ya njiani. Alikuwa kama mtu aliyeumizwa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka, mama," alisema Bi Pimbi. Machozi yakamtoka bila kuitwa. "Nilikudanganya, lakini sikukucheka. Nilikuja kwako nikaomba kwa heshima, ukanifungia mlango kwa heshima. Mtoto alikuwa anakufa. Nikaona unawaogopa nondo kuliko unavyotuona sisi, basi nikapita mlango huo. Nipige mimi. Mtoto usimfunue."

Mama Kiboko akanyoosha shingo. Alishika pembe ya blanketi la waridi kwa midomo yake mikubwa, akavuta. Shukuru akaja nalo, kalikumbatia kwa kwato zake ndogo zote, macho yamefumba. Akavuta tena kidogo. Mtoto akafika mpaka puani kwake.

Chya! Shukuru akapiga chafya, yote usoni mwa Mama Kiboko.

Kila mtu akaacha kupumua.

Mama Kiboko akanusa. Hufff. Akanusa tena. Blanketi halikunuka dawa ya nondo. Lilinuka maziwa, na moshi wa kuni, na mkojo wa mtoto. Nyumba yake haikunuka hivyo tangu watoto wake walipohamia mto wa chini.

"Lina harufu," alisema.

"Tutalifua, mama! Leo hii!" alilia Mama Shukuru kutoka gizani.

"Nani kawaambia mlifue?" alisema Mama Kiboko kwa ukali, na macho yake yalikuwa yamejaa. Akalirudisha blanketi polepole kwa pua, akamsukuma mtoto mpaka ubavuni mwa mama yake.

Hapo ndipo Bi Pimbi alipogundua jambo. Upepo umekoma. Ile fyuuu haipo. Mwili wote ule mkubwa ulikuwa umeziba mdomo wa pango, na ndani palikuwa panaanza kupata joto.

Mama Kiboko naye akaligundua. Akajaribu kurudi nyuma kidogo: fyuuu! Shukuru akakohoa. Akasogea mbele tena: kimya. Akashusha mabega, akajiweka sawa, akakaa.

Kutoka nje Mama Kifaru alikuwa anaona kitu kimoja tu, makalio ya shoga yake.

"Mwenzangu! Umeyapata? Yatoe basi, mimi huku nabaki nimesimama!"

Bi Pimbi alimtazama Mama Kiboko. Aliona anafikiri, hufff, hufff, kisha akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona katika uso ule mpana: jicho moja likafumba na kufumbua.

"Mwenzangu," Mama Kiboko aliita kutoka ndani ya pango, sauti tamu kabisa, "lile jumba lako lenye vyumba vya ziada, leo umeliacha na nani?"

"Na nani tena? Nimefunga makufuli!"

"Makufuli! Ooooh, pole."

"Pole ya nini?"

"Hapana, basi tu. Mwizi wa siku hizi akiona kufuli anajua ndani kuna kitu. Anachoogopa ni kelele. Nyumba yenye vifaranga wa kanga, kwa mfano, wanaolia ke-ke-keeei! jani likianguka tu, mwizi gani ataisogelea?"

Kanga akawafumba midomo vifaranga wake. Bi Pimbi akajiuma mkono asicheke.

"Hao kanga," ilisema sauti ya Mama Kifaru, sasa imelainika, "wanapatikana?"

"Wapo," alijibu Mama Kiboko. "Ila itabidi uwabembeleze."

Basi, wanangu, neno la hadithi hii ni moja: kitu alichokupa Mungu, mpe anayekihitaji akitumie, maana hakuna kasha linaloweza kukutunzia vizuri zaidi.